Kumuuguza Nyumbani Ndugu Mwenye Ugonjwa Usiopona: Namna ya Kupanga Huduma Shufaa

Daktari anapoieleza familia kwamba upasuaji na mionzi havitaendelea tena na kwamba mgonjwa anaweza kurudi nyumbani, ndugu wengi huondoka wodini wakiamini kuwa tiba imekwisha na kilichobaki ni kusubiri. Imani hiyo huwanyima wagonjwa usingizi na utulivu ambao wangeweza kuupata. Kilichosimama ni jitihada ya kuuondoa ugonjwa wenyewe. Maumivu, kichefuchefu, kubanwa na pumzi, vidonda na hofu bado vina tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo inaweza kutolewa chumbani kwa mgonjwa na watu anaowajua, mradi ipangwe mapema. Hiyo ndiyo huduma shufaa, ambayo wengine huiita tiba shufaa, na haiwahusu wenye saratani peke yao: wagonjwa wa figo, wa moyo, wa kiharusi na wa UKIMWI uliofikia hatua za mwisho wanaistahili vilevile. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi wanachama ziiingize katika mifumo yao ya afya, ikiwemo ngazi ya nyumbani.

Maelezo yanayofuata yanazingatia hali ya Tanzania. Msomaji wa Kenya au Uganda atakuta ofisi zenye majina mengine, lakini kazi ya kumuuguza mtu kitandani ni ileile.

Kabla ya kutoka wodini

Jambo la kwanza hufanyika kabla ya mgonjwa kuruhusiwa. Muulize daktari au muuguzi wa zamu, kwa kutaja jina la huduma, kama hospitali ina kitengo cha huduma shufaa, na kama kipo, omba muonane na mhudumu wake siku hiyohiyo. Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ndiyo inayofahamika zaidi kwa kazi hii; Arusha kuna Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Muheza mkoani Tanga kuna huduma iliyokulia katika Hospitali Teule, na hospitali nyingine kadhaa za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania zimekuwa zikiwafuata wagonjwa majumbani kwa miaka mingi. Ikiwa mnaishi mbali na maeneo hayo, ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya inaweza kuwaelekeza ni kituo gani kilicho karibu chenye mtu aliyepata mafunzo na chenye dawa za kutosha. Msiwadharau wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaani kwenu, kwa kuwa utaratibu wa kuwatembelea wagonjwa majumbani ulijengeka sana wakati wa kupambana na UKIMWI, na wapo waliobaki na ujuzi ambao baadhi ya madaktari vijana hawana.

Msiondoke bila vitu vinne: muhtasari wa matibabu unaotaja jina la ugonjwa na hatua iliyofikia; barua ya rufaa kwenda kituo kilicho karibu na nyumbani; dawa za kutosha hadi tarehe ya kurudi, pamoja na siku chache za akiba; na namba ya simu ya mtu atakayepokea simu yenu saa nane za usiku. Hicho cha nne ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachozuia mgonjwa kukimbizwa hospitali kwa bajaji katikati ya usiku kwa tatizo ambalo maelekezo ya dakika tano yangelimaliza.

Kama mgonjwa anatamani kupelekwa kijijini kwao, amueni mapema, akiwa bado anaweza kukaa kwenye gari. Familia nyingi huahirisha safari hiyo mpaka inakuwa haiwezekani, kisha hulazimika kugharamia kusafirisha mwili. Atakayesafiri naye achukue dawa zote pamoja na barua ya daktari inayozieleza, na ahakikishe hospitali ya huko inayo mofini kabla ya kukata tiketi.

Mofini: kuipata, kuipima na kutoiogopa

Maumivu makali ndiyo yanayovunja mipango yote ya nyumbani. Mgonjwa anayeumia hali, halali, hasemi anachokitaka, na wanaomuuguza huchoka mara mbili. Kwa maumivu madogo daktari huanza na parasetamoli au dawa za kundi la ibuprofeni na diklofenaki. Yakiwa makali, dawa iliyothibitika ni mofini, ambayo katika Afrika Mashariki hutolewa zaidi ikiwa ya maji, iliyochanganywa kutoka kwenye unga. Utaratibu huo wa bei nafuu ulienezwa sana na daktari Anne Merriman, aliyeanzisha shirika la huduma shufaa la Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Uganda ilikwenda mbali zaidi mwaka 2004 ilipowaruhusu wauguzi waliosomea huduma hii kuwaandikia wagonjwa mofini wenyewe. Kwetu ni dawa inayodhibitiwa kisheria, haiuzwi kwenye duka la dawa la mtaani, na hutolewa na hospitali zilizoidhinishwa kwa cheti cha daktari, kwa hiyo teueni mtu mmoja wa kuifuatilia na mtume ombi jipya chupa ikiwa imebaki ya wiki moja.

Ndugu huiogopa mofini kwa sababu mbili: kwamba itamfanya mgonjwa awe teja, na kwamba itamuua haraka. Anayeitumia kwa maumivu halisi, kwa kipimo alichoandikiwa, ni nadra kupata uraibu, na dozi inayoongezwa taratibu chini ya uangalizi haifupishi maisha. Katika siku mbili tatu za mwanzo anaweza kulala sana, na mara nyingi huo ni usingizi aliokuwa ameukosa kwa majuma. Kichefuchefu cha siku za mwanzo nacho huisha, na kipo kwenye orodha ya mambo yenye dawa. Kisichoisha ni kufunga choo: anayetumia mofini aandikiwe dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, kuanzia siku ya kwanza, na daktari akisahau, mkumbusheni.

Sasa kipimo. Chupa za mofini ya maji hazifanani nguvu. Yenye maandishi ya miligramu 5 katika mililita 5 ina miligramu moja katika kila mililita; yenye miligramu 50 katika mililita 5 ina nguvu mara kumi. Mtu aliyezoea kuvuta mililita 5 kwenye chupa ya kwanza, akifanya vivyo hivyo kwenye ya pili, amempa mgonjwa dozi kumi kwa mpigo. Kila mnapopewa chupa mpya, isomeni lebo kwa sauti mbele ya mfamasia, mwambieni awaandikie kwa kalamu nene idadi ya mililita za kumpa, na mwombeni bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha jikoni si kipimo. Livuteni bomba hadi juu ya mstari uliotajwa, ligongeni kwa kidole mapovu yapande, kisha sukumeni taratibu mpaka ukingo wa kizibo cha mpira, ule ulio karibu na mdomo wa bomba, ulingane na mstari. Fanyeni hivyo kwenye mwanga, mkiwa na bomba usawa wa macho.

Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne, kwa hiyo hutolewa kwa saa, bila kusubiri maumivu yaanze. Ratiba inayofuatwa sana ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Daktari huweza kuagiza dozi ya saa 4 usiku iwe maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza walale hadi alfajiri. Kwa mtu mzima daktari mara nyingi huanza na miligramu 2.5 hadi 5 kwa kila dozi, kisha hupandisha kulingana na majibu. Maumivu yakichomoza kati ya saa hizo, mgonjwa hupewa dozi ya nyongeza iliyokubaliwa na daktari, nayo iandikwe. Kama inahitajika zaidi ya mara mbili au tatu kwa siku, hiyo ni dalili kwamba dozi ya kawaida haitoshi, na simu ipigwe. Msiipandishe kwa kukisia.

Ili daktari aamue vizuri, anahitaji daftari. Andikeni saa, dawa, na kiwango cha maumivu kwa vidole vya mkono: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vitano ni makali kupita kiasi. Bibi asiyejua kusoma anaielewa njia hii mara moja, na mgonjwa asiyeweza kuongea bado anaweza kunyanyua vidole.

Tahadhari mbili hazina mjadala. Figo zikiwa dhaifu, kama inavyotokea kwa wengi wenye saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa, mofini hujikusanya mwilini, hivyo daktari lazima ajue ili apunguze dozi au aongeze muda kati yake. Na mgonjwa akiwa haamki hata kwa kutikiswa, akivuta pumzi polepole kuliko kawaida, au mikono ikirukaruka yenyewe, zuieni dozi inayofuata na mpige simu mara moja. Chupa ikae kwenye kabati lenye kufuli, mbali na watoto, na mbali pia na mjomba mwenye tatizo la ulevi, maana familia huona aibu kulitamka hilo mpaka chupa inapopotea.

Chumba, ngozi na kinywa

Mgonjwa alale pale anapoweza kusikia mazungumzo ya nyumba na kufikiwa na hewa. Kitanda kivutwe kutoka ukutani ili pande zote mbili zifikike, na upande wa kichwa uinuliwe kwa matofali ikiwa anabanwa na pumzi. Juu ya godoro tandikeni mpira au nailoni ngumu, kisha shuka, kisha khanga kuukuu inayoweza kubadilishwa bila kuvua kitanda kizima. Beseni, ndoo yenye mfuniko, glavu, pampasi za watu wazima na sabuni vikae karibu. Feni inayopuliza usoni, au hata kipepeo cha makuti mkononi mwa mjukuu, humtuliza mtu anayehema kuliko watu wanavyodhani. Kwa hali ngumu zaidi, dozi ndogo ya mofini iliyoagizwa na daktari hupunguza hisia ya kukosa hewa.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila saa mbili mchana. Lipitisheni shuka lililokunjwa mara mbili chini yake, kutoka mabegani hadi chini ya makalio. Watu wawili wasimame pande mbili, waviringishe kingo za shuka mpaka ngumi zao ziuguse mwili, mmoja ahesabu hadi tatu, kisha wamnyanyue kidogo na kumsogeza. Kumburuta ndiko kunakochuna ngozi. Akishalala kwa ubavu, wekeni mto nyuma ya mgongo na mwingine kati ya magoti, na visigino vining'inie bila kugusa godoro. Kagueni kiuno, nyonga, visigino na viwiko kila mnapomwogesha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tumieni mkono: sehemu yenye joto, ngumu au inayouma ndiyo inayoelekea kuwa kidonda. Msiichue. Ondoeni uzito hapo.

Kidonda cha saratani kinachotoa harufu humfanya mgonjwa akatae wageni, wakati mwingine hata watoto wake. Osheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi kidogo, kisha, kwa maelekezo ya muuguzi, nyunyizieni unga wa vidonge vya metronidazo, vile ambavyo wengi huviita flajili, vilivyosagwa laini, halafu mfunike kwa kitambaa safi. Harufu hupungua ndani ya siku chache. Spiriti isitumike, inachoma na haisaidii.

Kinywa kisafishwe angalau asubuhi na jioni kwa kitambaa laini kilichozungushwa kidoleni na kuchovywa kwenye maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai katika nusu lita. Utando mweupe unaong'ang'ania ulimi ni fangasi, una dawa yake, na mara nyingi ndio sababu ya kweli ya mgonjwa kukataa chakula.

Chakula na dripu

Hapa ndipo familia hugombana. Mwili unaoelekea mwisho hauhitaji chakula kama zamani, na kumlazimisha mtu kula ugali au kumimina uji kwenye koo lisilomeza humpalia. Mpeni anachokitamani, kidogo, akiwa ameketi: vijiko viwili vya uji, kipande cha embe, mchuzi wa samaki. Ndugu watakaokuja kutoka mbali watasema "mtundikieni dripu apate nguvu," na duka la dawa la jirani linaweza kuwa na mtu aliye tayari kuitundika kwa malipo. Ikiwa mgonjwa ameishiwa maji kwa kuharisha au kutapika, dripu iliyoagizwa na daktari ina maana. Katika siku za mwisho kabisa maji hayo hujaa miguuni na kifuani na kumwongezea mkoromo. Kuloweka midomo kunamfaa zaidi.

Kikao cha familia

Kaeni mapema, mgonjwa akiwepo ikiwa anaweza, na mumuulize kwanza yeye ni kiasi gani anataka kujua. Swali linaweza kuwa jepesi: "Mama, daktari amezungumza nasi. Ungependa tukueleze yote, au tuzungumze na kaka kwa niaba yako?" Wapo watakaochagua la pili, na huo ni uamuzi wao. Kumficha mtu anayeuliza waziwazi ni jambo jingine, kwani huwa ameshajua, naye hubaki peke yake na anachokijua. Akiwa na akili timamu, aulizwe pia angependa kuugulia wapi, nani awe msemaji wake, na kama anataka kuandika wosia. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kuhifadhi wosia, na kazi hiyo ni nyepesi mno kuliko mirathi yenye ugomvi.

Kisha pangeni zamu kwa majina. Kwa kawaida kazi yote humwangukia binti mmoja au mkwe, naye haulizwi chochote, huku maamuzi yakifanywa kwa simu na kaka anayetuma pesa kutoka mbali. Pesa zinahitajika sana, kwa pampasi na kwa nauli. Lakini anayelala chumbani ndiye anayejua mgonjwa ameumia usiku au la, na neno lake liwe na uzito wa kwanza kwenye maamuzi ya uuguzi. Kila juma apate walau siku moja ya kutoka, na mwingine apokee daftari na bomba la dawa kwa kuelekezwa, si kwa kukisia.

Viongozi wa dini waitwe mapema pia. Padri kwa mpako wa wagonjwa, mchungaji kwa sala, shekhe kwa dua na Yasini, wote wanaweza kuwa sehemu ya huduma. Anayeagiza mgonjwa aache dawa ili aoneshe imani azuiwe kwa heshima. Mgonjwa Mwislamu aelezwe kwamba ana ruhusa ya kutofunga, maana wapo wanaoruka dozi za mchana mwezi wa Ramadhani kwa kuona haya. Dawa za miti shamba zitajwe kwa daktari bila kuficha, hasa kama ini au figo zimeathirika.

Mambo yasiyongoja nyumbani

Baadhi ya hali zinahitaji hospitali siku hiyohiyo hata kwa mgonjwa wa huduma shufaa. Mwenye saratani ambaye miguu yake inaishiwa nguvu ghafla, pamoja na maumivu ya mgongo au kushindwa kuzuia mkojo, huenda uti wake wa mgongo unabanwa, na saa chache ndizo zinazoamua kama atatembea tena. Mkojo kuziba kabisa, degedege linaloanza upya na kutapika kusikokoma havingoji pia. Maumivu ya mfupa yasiyotulia yanafaa kuulizwa kwa wataalamu wa mionzi, Ocean Road au Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, kwa kuwa wakati mwingine kikao kimoja cha mionzi huyapunguza sana. Ikiwa kuna kidonda kinachoweza kutoa damu nyingi, wekeni karibu taulo la rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea ili damu isimtishe.

Siku za mwisho na karatasi zake

Mgonjwa atalala muda mwingi, mikono na miguu itapoa, pumzi itakuwa na vipindi vya kusimama, na huenda koo likakoroma. Mkoromo huwasumbua walio chumbani kuliko yeye. Mlazeni kwa ubavu. Dawa za kawaida za presha na kisukari daktari anaweza kuzisimamisha, lakini mofini isikatwe ghafla: asipoweza kumeza, kiasi kidogo cha dawa ya maji hudondoshwa taratibu ndani ya shavu, na maelekezo ya hilo yaombwe kabla siku hiyo haijafika. Endeleeni kuzungumza naye kwa jina. Aliyesema anataka kufia nyumbani asipakiwe kwenye gari usiku kwa sababu tu jirani ameogopa.

Kifo kikitokea, mjulisheni mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji na ofisi ya mtendaji kwa ajili ya kibali cha mazishi, mkiwa na muhtasari wa hospitali, kwani ndio unaoonesha kuwa marehemu alikuwa akiuguzwa kwa ugonjwa unaojulikana. Usajili wa kifo RITA unatakiwa ndani ya siku 30, na cheti chake kitahitajika benki, kwenye mfuko wa pensheni na mahakamani. Mofini iliyobaki irudishwe hospitali iliyoitoa pamoja na daftari, kiti cha magurudumu cha kuazima kirudi kwa wenyewe, na muuguzi aliyekuwa akija aombwe kupita mara moja baada ya msiba kumwona binti aliyekuwa akilala chumbani.